Meza ya Karibu na Jiko

Los Encinos, Coahuila
9 Juni 1974

Komadre Tencha,

Hali yako siiulizi, kwa sababu Chema amekwisha kunipa habari zote alipopita hapa na lori lake: umeuongezea mgahawa wako chumba cha pili, umepaka kuta rangi ya machungwa, na umenenepa. Kwa hayo mawili ya kwanza nakupongeza. Kwa hilo la tatu nakuonea kijicho, maana mimi cherehani imenikausha mpaka binti yako wa ubatizo ananiita mama kijiti.

Huyo binti ndiye sababu ya barua hii. Tarehe kumi na tano Februari ijayo Amparo anatimiza miaka kumi na mitano, anaingia rasmi kwenye utu uzima. Asubuhi misa, mchana sherehe kwenye uwanja wa shule, na padri amekwisha kukubali. Gauni nimeshalikata, la rangi ya waridi, na atakayesema marinda yamezidi aje aninyang'anye mkasi. Wewe utamvika taji, kama mama yake wa ubatizo, hilo halina mjadala. Kilichobaki ni baba yake. Dansi ya kwanza ni ya baba na binti, na wanawake wa hapa unawajua midomo yao: msichana akiicheza na mjomba, wataanza kumwita yatima. Mwanangu si yatima. Baba yake yuko hai, anaezeka mapaa ya watu huko San Antonio, na Jumapili anakula kwako.

Miaka mitatu sasa, Tencha. Mwanzo alikuwa akiniandikia kurasa mbili. Ikawa moja. Tangu Pasaka nimepata kadi moja yenye picha ya daraja, na nyuma ameandika, "Wote wazima?" Basi. Amparo ameibandika ukutani juu ya kitanda chake, pembeni ya picha ya Bikira Maria. Kila siku ananiuliza kama atakuja, na mimi nimemwahidi, kwa kinywa changu hiki, kwamba atakuja.

Wewe ndiye macho yangu huko. Mwambie habari ya Februari, na umwambie kwa ile sauti yako ya kuwaitia watu wa jikoni. Halafu niandikie anakula nini, anakaa na nani, nguo zake anafua nani. Usinifiche kitu. Mume mtu anaweza kumpata mwingine, lakini ukomadre wetu tuliuapa mbele ya maji ya ubatizo wa Amparo, na haufutiki mpaka mmoja wetu afukiwe.

Wako asiyenenepa,
Cuca

San Antonio, Texas
24 Juni 1974

Komadre wangu Cuca,

Nakuandikia Jumatatu, siku pekee ambayo mgahawa unafungwa na miguu yangu inarudi kuwa yangu. Chema ni mwongo. Sijanenepa, ni aproni.

Ungeiona Jumapili ya hapa! Misa ya saa tano ikitoka, wanamiminika wote kwa mpigo, babu, bibi, shangazi na wajukuu wasio na idadi, na mimi naunganisha meza nne ziwe moja. Watoto wanatambaa chini ya meza wakiibiana tortila za kukaanga. Mmoja kamwaga soda, mwingine kalazwa juu ya viti viwili, wa tatu kang'ang'ania gitaa la mpiga muziki. Simfukuzi mtu. Mzungu mmoja aliniuliza kama sina sheria kwa ajili ya watoto. Nikamwambia ninayo: wakilia, waongezewe maharage. Tangu siku hiyo naye analeta wa kwake.

Evaristo huja, ndiyo. Anakaa meza ya karibu na jiko. Anaagiza enchilada za pilipili nyekundu, halafu anapangusa sahani mpaka huna haja ya kuiosha. Anakaa peke yake, komadre, kichwa kakiinamisha. Nguo zake ni safi, nadhani anapeleka kwa dobi. Habari ya Februari nimempa. Aliweka uma chini. Kisha akaniuliza Amparo amefika urefu gani, nikamwonyesha kwa mkono, hapa begani kwangu. Akasema, "Komadre, dansi yenyewe nimeshaisahau." Nikamwambia, "Utaikumbuka, na usipoikumbuka nitakufundisha mimi kwa ubao wa kukatia nyama."

Taji nalibeba mimi, usihangaike. Mbusu binti yangu.

Tencha

Los Encinos
4 Agosti 1974

Komadre Tencha,

Barua yako nimemsomea Amparo mara tatu. Pale pa "amefika urefu gani" akaninyang'anya karatasi, akakimbilia uani nayo. Nikamkuta amesimama ukutani anajipima kwa chaki.

Lakini sasa kuna jambo, na sitalizungusha. Unamkumbuka Eloísa, mwenye mashine ya kusaga mahindi? Juzi alfajiri tuko kwenye foleni, kila mwanamke na ndoo yake, akapaza sauti: "Cuca, kaka yangu kala kwa komadre wako huko San Antonio, chakula kitamu kweli. Na mumeo naye kamwona, mzima, kampakata mtoto mchanga." Alisema hivyo anachekelea, huku anapangusa unga mikononi. Foleni nzima ikanyamaza. Unajua mashine ile inavyopiga kelele, lakini naapa hata yenyewe niliisikia imenyamaza.

Nikamjibu: "Komadre wangu yuko pale kila siku ya Mungu. Kama kungekuwa na mtoto, ningejua kabla kaka yako hajanawa mikono." Nikachukua ndoo yangu nikaondoka, mahindi hayajasagwa, siku hiyo tukala viazi.

Basi nakuuliza mara moja tu, Tencha. Kuna mtoto? Kuna mwanamke? Utakachoniambia wewe ndicho nitakachokiamini, hata dunia nzima ije na ushahidi mkononi. Kama yupo, niambie. Nitalia wiki moja, kisha nitamwambia Amparo, na dansi tutaitafutia njia nyingine mapema, kabla mtoto hajazidi kujenga matumaini. Nikijua naweza kujipanga. Nisichokiweza ni kuchekwa kwenye foleni.

Cuca

San Antonio
2 Septemba 1974

Komadre Cuca,

Samahani kwa kuchelewa. Mpishi wangu alijikata kidole, nikaingia jikoni mwenyewe wiki mbili.

Huyo Eloísa mwambie akasage unga, maneno awaachie wenye akili. Mgahawani kwangu mtoto ni wa watu wote. Mama akitaka kula kwa mikono miwili, anampa mtoto aliye karibu naye, awe anamjua au hamjui. Jumapili iliyopita mimi mwenyewe nilipokea oda nikiwa na mtoto begani, sikujua hata wa nani, mpaka bibi yake alipokuja kumchukua wakati wa kahawa. Evaristo amekaa karibu na jiko, njia ya watu wote. Akipewa mtoto ampeleke wapi? Anampakata. Ndicho alichokiona huyo kaka wa mtu.

Hakuna mwanamke. Hakuna mtoto. Anakula peke yake, kama nilivyokuambia.

Ya dansi yanaendelea. Wapiga gitaa wangu wanaujua wimbo, na Jumapili jioni wateja wakipungua namsimamisha pale katikati ya meza. Ana miguu mizito lakini anajitahidi.

Mimi huku shughuli zimenizidi. Oktoba kuna familia moja ya wateja wangu wanabatiza mtoto wa kiume, wamenishika mikono niwe mama wa ubatizo. Sherehe itafanyika hapahapa mgahawani. Unajua mambo haya, mtu akikuomba huna pa kutokea.

Nakukumbatia,
Tencha

Los Encinos
22 Septemba 1974

Komadre,

Umeniondolea jiwe kifuani. Jana nilikwenda mashineni nikiwa nimevaa hereni, nikamsalimia Eloísa kwa jina lake lote na la baba yake, akabaki mdomo wazi.

Na wewe sasa unakusanya makomadre kama mtu anayekusanya kuku! Mpaka ufe utakuwa umebatiza Texas nzima. Usiombe radhi. Mtoto unayemshika wewe ni ndugu wa Amparo mbele ya Mungu, kwa hiyo na mimi ananihusu. Humu ndani utakuta kofia nyeupe ya ubatizo. Nimeifuma mwenyewe kwa uzi ule mwembamba, na ukingoni nimeweka yale majani matatu matatu ambayo mama yangu alikuwa akiyafuma, mtindo ambao hapa mjini sasa naujua peke yangu. Mwambie mama yake asiifue kwa maji ya moto.

Evaristo akikosea hatua, mkanyage.

Cuca

San Antonio
21 Oktoba 1974

Komadre Cuca,

Kofia ilifika salama. Ilimwenea mtoto vizuri. Watu wameisifu mno, na mama yake aliuliza nani kaifuma, nikasema ni rafiki yangu wa nyumbani.

Ubatizo ulikuwa jana. Tulipika mchuzi wa mole tangu Alhamisi, watu walikuwa wengi, mpiga picha alikuja. Sina mengi ya kusimulia, nimechoka tu.

Ningependa uache kunitumia vitu, komadre. Si kwamba sivitaki. Hiyo posta ni ghali.

Tencha

Los Encinos
29 Desemba 1974

Hortensia Villagrán,

Kila mwaka unachapisha kalenda za kuwapa wateja wako Krismasi. Mwaka jana ulinitumia yenye picha ya farasi. Mwaka huu hukunitumia, nikadhani umenisahau.

Mke wa Chema alipewa moja hapo kwako. Akampa Eloísa, kwa sababu ni kubwa, inafaa ukuta wa mashineni. Imekaa pale tangu tarehe ishirini na moja. Mimi nilikuwa nyumbani na mafua, nikaenda jana, tarehe ishirini na nane. Siku saba, Tencha. Siku saba kila mwanamke wa Los Encinos amesimama na ndoo yake akisubiri zamu, na hakuna kingine cha kutazama isipokuwa mwaka 1975.

Niliingia, wakatazamana. Hakuna aliyecheka safari hii. Hicho ndicho kilichonitisha. Eloísa, Eloísa yule wa kuchekelea, alitaka kusimama mbele ya ukuta kunizuia. Akaniambia, "Cuca, nitakusagia bure, rudi nyumbani." Nikamsogeza.

Picha imetoka vizuri, hongera. Wewe uko katikati, nywele umezitengeneza, gauni la buluu sijapata kukuona nalo. Umempakata mtoto. Kulia kwako yuko mwanamke kijana mwenye meno mazuri. Kushoto yuko mume wangu, mkono kauweka kwenye bega la mwanamke kupitia mgongoni kwako. Anacheka. Miaka kumi na saba nimekuwa mke wake, sijui kama nimewahi kuyaona meno yake yote. Na chini umeandika: "Familia zinazokula kwetu."

Bado nilikuwa natafuta la kukutetea. Nikajiambia labda ni mgeni tu kwenye sherehe ya watu, ndiyo maana anacheka. Nikasogea. Mtoto ana kofia. Majani matatu matatu, Tencha. Nimekaa jioni kumi na moja na uzi ule, taa mbovu, macho yananiwasha, nikimfumia mtoto wa mume wangu kofia ya ubatizo. Na wewe ukaipokea. Ukamvika.

Sitaki uniambie jina lake.

Refugio Arizpe, mke wa Evaristo

San Antonio
13 Januari 1975

Komadre Cuca,

Nimeanza barua hii mara nne. Nitasema yote, na wewe fanya utakavyo.

Anaitwa Delfina. Wako pamoja mwaka wa pili. Evaristo hajawahi kukaa peke yake kwenye meza ile. Jumapili wanakaa sita, na mama mkwe na shemeji zake, na anawalipia wote na kuwatania wote. Uliponiandikia mara ya kwanza nilimwita uani, nikamwonyesha barua yako. Alilia. Akaniomba nimpe mpaka Februari. Alisema atakuja, atacheza na binti yake, watu wote wamwone, kisha kesho yake atakueleza mwenyewe, uso kwa uso. Nikaona heri hivyo. Nikaona nikikuambia, utamkataza kuja, na Amparo atakosa dansi yake. Ndiyo, nilikudanganya. Nilimdanganyia mtoto wako.

Na ubatizo. Ulitaka nifanyeje? Walikuja Jumapili mchana, mgahawa umejaa, wote wawili na mtoto ndani ya shali, wakaniomba mbele ya watu. Wewe umelelewa nilikolelewa mimi. Kuombwa kumshika mtoto kwenye ubatizo hakukataliwi. Akija mwizi na mwanawe, unamshika mwanawe. Mtoto kakosa nini? Ningesema hapana, ningekuwa nimemfungia malaika mlango wa kanisa kwa dhambi ya baba yake.

Kofia, ndiyo, hapo nimekosa. Niliificha kabatini. Delfina aliikuta siku ya sherehe akitafuta leso, akaipenda, na watu walikuwa wanasubiri. Kalenda nayo ni ujinga wangu. Nilijiona nimependeza, komadre. Miaka kumi na minane nanuka vitunguu, siku moja nikapendeza, nikataka watu wanione. Nilifikiri kalenda hazivuki mto wa mpakani.

Lakini na wewe nikuambie. Uliponiuliza ule mwezi wa nane, uliuliza na jibu lako mkononi. "Utakachoniambia nitakiamini." Mtu anayeandika hivyo anaomba adanganywe.

Mruhusu aje acheze. Nakuomba kwa ajili ya Amparo.

Tencha

Los Encinos
26 Januari 1975

Komadre,

Nakuita hivyo kwa sababu padri ameniambia sina namna. Nilikwenda kumuuliza, usidhani sikwenda. Akasema ukomadre hauna talaka. Kwa hiyo wewe ni komadre wangu na ni komadre wa Delfina, na watoto wetu, wangu na wake, ni ndugu kwa mkono wako. Familia moja kubwa. Utuunganishie meza.

Eti niliomba kudanganywa. Niliandika kwamba kama yupo, uniambie. Niliandika kwamba nikijua naweza kujipanga. Hayo hukuyasoma? Ulimpa Evaristo mpaka Februari, ukampa Delfina jina lako kanisani, na mimi ukanipa nini? Ulinipa hadithi ya mpishi aliyejikata kidole.

Evaristo asikanyage hapa. Dansi haipo. Nimewaambia wapiga muziki waanzie wimbo wa pili. Amparo hanisemeshi siku ya nne sasa, anakula kimya na kulala kimya, lakini itampita. Afadhali msichana wangu asimame peke yake katikati ya uwanja kuliko kushikwa kiuno na mtu anayeharakisha kumaliza wimbo arudi kwa mwanawe. Na wewe pia usije. Taji nitamvika mimi.

Kofia mwache mtoto avae. Sikuifuma kwa ajili yao.

Na kama utawahi kuniandikia tena, niandikie ukweli. Mtupu, hata uwe unachinja. Uongo wako nimeshiba.

Refugio

Los Encinos
5 Februari 1975

Mama yangu wa ubatizo,

Nakubusu mkono kwa heshima zote. Mama hajui kama nakuandikia, bahasha nimempa mwalimu.

Nimesoma barua zako zote. Mama anaziweka chini ya vitambaa, na mimi ndiye ninayekata vitambaa. Kadi ya baba ameitoa ukutani akaitia motoni. Hata mimi sijui kama nina hasira na baba. Nilikuwa nasubiri hasira ije, na kilichokuja ni kwamba namtaka.

Mama anasema nitasimama peke yangu watu waone sina haja ya mtu. Lakini mimi haja ninayo, mama yangu wa ubatizo. Watu watakuwa wananitazama mimi, si yeye.

Chema anavuka mpaka Ijumaa ya tarehe kumi na nne na mkewe. Binti yao mkubwa tunafanana, watanipitisha kwa karatasi zake. Gauni limekwisha, nitalibeba kwenye mfuko wa unga. Nakuomba umwambie baba, na nakuomba usimwambie mama. Najua unaweza kukaa na siri.

Binti yako,
Amparo

Los Encinos
16 Februari 1975

Tencha,

Amparo ameondoka. Juzi asubuhi alisema anakwenda kuungama, akachukua mfuko. Jana keki imekuja, wapiga muziki wamekuja, watu mia moja wamekaa uwanjani kwenye viti vya shule, na mimi nimesimama mlangoni na taji mkononi. Padri akasubiri. Ikafika saa saba nikawaambia watu waanze kula, chakula kisiharibike. Wakala. Eloísa ndiye aliyeosha sahani zote, hakuniacha niguse hata kijiko.

Mke wa mwalimu kaniambia habari ya Chema. Kwa hiyo yuko huko. Yuko huko?

Sina mtu mwingine wa kumuuliza. Unaelewa? Katika Texas yote nina mtu mmoja tu, na ni wewe. Mwanangu kafika? Analala wapi, nani kampokea, anarudi lini? Usinipambie. Nilishakuambia, mtupu. Niandikie kama unavyomwandikia daktari.

Cuca

San Antonio
24 Februari 1975

Komadre Cuca,

Yuko hapa, mzima. Nakuandikia kama ulivyotaka.

Barua yake niliipata tarehe kumi. Niliikunja nikaiweka mfukoni mwa aproni. Ningeweza kukupigia simu dukani kwa Don Librado, siku nne zilikuwepo. Sikupiga.

Alifika Ijumaa jioni. Jumapili mchana, mgahawa umejaa familia za wateja, tulisogeza meza katikati tukaacha nafasi. Akatoka jikoni na gauni lako. Watu waliacha kula, hata watoto. Evaristo alikuwa amesimama hajui mikono aiweke wapi. Walicheza wimbo mzima, akakosea hatua mara mbili, Amparo akamrekebisha. Evaristo alilia mpaka kola ikalowa. Watu wasiomjua wakapiga makofi na kumtupia maua yaliyokuwa mezani. Taji alivikwa na Delfina. Mimi sikuthubutu.

Kisha Amparo akakaa meza ya karibu na jiko, kati ya baba yake na Delfina. Alikula enchilada sahani mbili. Alimlisha mtoto maharage kwa kidole. Alicheka, komadre, kicheko cha nguvu, watu wa meza nyingine wakageuka.

Anaishi kwao. Delfina amempa chumba cha mdogo wake. Ameniomba kazi ya Jumapili ya kupeleka sahani, nami nimempa.

Nilimuuliza anarudi lini. Akasema harudi. Nikamwambia, mama yako yuko peke yake. Akasema, "Mama anajua kukaa peke yake, ndicho alichotaka kunifundisha." Nikamuuliza nikuandikie salamu gani. Alikuwa anakunja vitambaa vya mezani. Akakunja viwili vitatu. Kisha akasema, "Hakuna."

Huo ndio ukweli wote. Sikuongeza, sikupunguza.

Tencha

Los Encinos
9 Machi 1975

Komadre,

Nimepata barua yako. Nimeisoma mpaka mwisho.

Ya mume ulinidanganya, ya mtoto ulinidanganya, ya kofia ulinidanganya. Miezi saba ulinidanganya bila mimi kukuomba, ukiwa na watu wa kulisha na vitunguu vya kukata. Na la salamu, Tencha, ulishindwa nini kunidanganya?

Cuca